Jina Ambalo Selpher Awinja Hulisoma Bila Kulitaja

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, ukumbi wa shule moja ya msingi upande wa Mukumu bado unanukia sabuni ya kupigia deki. Selpher Awinja amesimama juu ya dawati, vibanio vya nguo mdomoni, anatundika shuka jeupe ukutani. Anabana kona ya mwisho, anashuka, anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Shuka limepinda. Anapanda tena.

"Picha ikipinda watu wanapindanga shingo," anasema, kibanio kimoja kikiwa bado katikati ya meno. "Halafu wanakulaumu wewe, si shuka."

Akisharidhika, anatoa kwenye mkoba wa kitenge mashine isiyozidi mkate kwa ukubwa. Ni projekta, ya aina isiyounganishwa na simu wala kompyuta kwa waya. Mwenye jambo la kuonyesha huketi mahali pake, akagusa simu yake, na kilichomo kikatokea ukutani, kikubwa kama mlango wa ghala.

Wasichana wawili wanaopanga viti wanamwona akivuta waya mrefu mweusi hadi kwenye soketi.

"Na si tuliambiwa haina waya?" anauliza mmoja.

"Huu ni wa chakula," Selpher anamjibu. "Hata wewe mwalimu hakuvuti na kamba, lakini uji si unakunywa?"

Kabla ya kubonyeza, anaweka kiganja juu ya mashine na kuinamisha kichwa. Sala yake ni fupi na hana haya nayo. "Baba, washa wewe. Mimi nitabonyeza."

Shuka linang'aa. Kufikia saa tatu wazazi wamejaa, na mwalimu mkuu anamwashiria kwamba waanze. Ukutani yanatokea majina matatu, moja chini ya jingine. Ni majina ya simu zinazoomba kurusha picha. Selpher anapaswa kuchagua moja, la naibu wa mwalimu mkuu, mwenye taarifa ya bweni jipya. Anainua rimoti, na kidole chake kinasimama hewani.

Mwalimu mkuu, aliyesimama karibu na mlango, anaacha kuzungumza. Katika ukumbi huuhuu, mbele ya shuka hilihili, mwaka jana kidole hicho kilikosea.

Selpher ana umri wa miaka arobaini na tisa na anaishi mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Mumewe, Erastus, alikuwa akikodisha viti na hema kwa mazishi na harusi. Erastus alipofariki, upepo mmoja wa mwezi wa nne uliirarua hema. Binti yao, Mildred, ndiye aliyemshauri mama auze viti vilivyosalia.

"Mildred aliniambia, 'Mama, viti kila mtu ako navyo. Siku hizi watu hawatoshekangi na kuketi, wanataka kuona,'" Selpher anakumbuka.

Wakanunua projekta. Mildred aliipa jina la baba yake, ili yeyote anayetaka kurusha picha atafute kwenye simu yake neno Erastus. "Kwa hiyo bado watu wanamtafuta," anasema mjane huyo, kisha anacheka kidogo na kupangusa mashine kwa upindo wa leso.

Kazi ikaja. Vikundi vya akina mama vilimwita kuonyesha hesabu zao za mwaka. Familia moja ya Butere ilimwita sebuleni, babu na bibi wakamwona mjukuu wao akifuzu chuo ng'ambo, na bibi akausogelea ukuta akampapasa shavu kwenye picha. Kampuni ndogo ya pembejeo ilimwita kwenye semina za wafanyakazi wake. Kanisani kwake alirusha maneno ya nyimbo kila Jumapili bila malipo. Kazi ya asubuhi moja ilimletea hadi shilingi elfu mbili, na mwezi mzuri ulikuwa na kazi nane au tisa.

Ila Selpher alikuwa hajui kusoma.

Aliacha shule akiwa darasa la pili ili kulea wadogo zake, na hakurudi. Mashine aliijua kwa sura. Alijua kialama cha gurudumu ni cha marekebisho, na kile cha simu ni cha kupokea. "Nilizijua zile alama vile mtu anajuanga watoto wa jirani. Unajua huyu ni mtundu, yule ni mpole. Majina yao huyajui."

Kanisani hakuna aliyegundua. "Wengine waliimba nilichorusha," anasema. "Mimi niliimba nilichokariri."

Majina ya simu ndiyo yaliyokuwa mtego. Kabla ya kila kazi, Mildred alimchorea mama yake herufi ya kwanza ya jina la mwenye kurusha. Siku ile ya mwaka jana, katika mkutano wa wazazi, naibu wa mwalimu mkuu aliitwa Weldon. Mildred akachora W. "Ile kama meno ya msumeno, Mama. Hiyo ndiyo ubonyeze."

Meno ya msumeno yalitokea ukutani mara mbili. Mzazi mmoja, Wekesa, alikuwa amegusa kitufe cha kurusha bila kujua, na jina lake likawa juu ya la Weldon. Selpher akabonyeza la juu.

Dakika chache kabla ya hapo, Wekesa alikuwa amesimama na kuueleza mkutano kwa huzuni kwamba hawezi kuchangia bweni kwa sababu fahali wake, tegemeo la boma, alikuwa amekufa. Watu wakampa pole. Sasa fahali huyo alikuwa ukutani, ana afya kuliko wote waliomlilia, mahindi mabichi mdomoni. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo kila mtu aliyasoma isipokuwa Selpher: anauzwa, bei ya maelewano.

"Amefufuka," mtu wa nyuma akasema.

Mkutano ukavunjika kwa vicheko, kisha kwa ugomvi. Weldon alimwomba Selpher abadilishe, achague jina la chini. Katika kupapatika alibonyeza vitu ambavyo hajawahi kuvigusa, na shuka likabaki jeupe. Mwalimu mkuu akamwuliza kwa upole, "Mama, husomi hapo kumeandikwa nini?"

Selpher akakunja shuka lake likiwa bado na vibanio.

Habari ilitembea. Mwezi uliofuata alipata kazi mbili tu. Selpher anasema hakumlaumu mtu. Alipiga magoti kando ya kitanda na kumwambia Mungu kwamba hataki huruma, anataka herufi.

Ndipo alipojiandikisha kwenye ngumbaru, kama watu wa hapa wanavyoliita darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa moja karibu na Lurambi. Masomo ni kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mwalimu ni kijana aitwaye Shiro, mzaliwa wa Nyahururu, mwenye bidii na sauti inayofika hadi barabarani.

Jioni ya kwanza, Selpher aliingia na daftari jipya na kumkuta, kwenye benchi la mbele, Wangila, mume wa Mildred.

Wangila ni mwashi. Anajenga kuta zilizonyooka, lakini ramani za nyumba husomewa na wengine, na kwa sababu hiyo hulipwa kama kibarua. Naye alikuwa amejiandikisha kwa siri. Alipomwona mama mkwe wake mlangoni, alisimama ghafla hadi benchi likaanguka.

Kwa desturi ya watu wa Selpher, mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawaketi karibu, wala mmoja hapiti mbele ya mwenzake akimpa mgongo. Katika ukoo wa Selpher, mama hamtaji hata kwa jina. Humwita baba wa mjukuu.

"Si uadui," Selpher anafafanua. "Ni heshima. Huyo kijana amekuja kuchukua mtoto wangu. Mimi na yeye tukizoeana sana, siku wakikosana nitasema upande wa nani?"

Kanisani hukutana bila shida, mmoja upande huu na mwingine ule. Kwa hiyo Wangila alihamia kona ya dirisha, Selpher akaketi nyuma ya nguzo, na mambo yakaendelea. Mpaka siku ya chaki.

Mwalimu Shiro alikuwa na mtindo wake. Mwanafunzi akimaliza kuandika neno ubaoni, alimkabidhi chaki anayefuata, mkono kwa mkono, ili watu wasiogope ubao. Jioni hiyo Wangila aliandika neno "mlango", akageuka na chaki mkononi.

"Vizuri sana," akasema Shiro. "Mpe Mama Selpher."

Wangila akatazama chaki kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Selpher hakuinuka.

"Mpe tu, hakuumi," Shiro akahimiza.

Wangila aliiweka chaki kwenye kizingiti cha dirisha, akachukua kofia yake, akatoka. Shiro alidhani wamegombana na akaanza kuwaonya juu ya chuki darasani. Mzee Willis, mlinzi mstaafu aliye mkubwa kuliko wote katika darasa hilo, ndiye aliyeinua mkono.

"Mwalimu, hawa hawajakosana. Hawa ni wakwe. Wewe umewaambia washikane mikono mbele ya watu."

Shiro akajifunika uso kwa daftari. "Hakuna mtu aliyeniambia," akasema.

"Hukuuliza. Ungeuliza nani ni nani kwa mwenzake, ungejua."

Tangu hapo wakwe hao waligawana siku bila kuambizana. Wangila alikuja Jumanne, Selpher Alhamisi. Mildred alibeba ujumbe kati ya nyumba mbili, na masomo yakawa nusu nusu. Aliyefunzwa mwanzo wa somo hakuusikia mwisho wake. Mwalimu Shiro alimwita kila mmoja kwa wakati wake na kumweleza ukweli: kwa mwendo huo hakuna atakayesoma sentensi kamili mwaka huu.

Wakati huohuo, mwalimu mkuu wa shule ile ya Mukumu alipiga simu. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na aliyekuwa akiwafanyia kazi amehamia Kisumu. "Mama, ukiwa tayari, rudi," alimwambia. "Lakini uwe tayari kweli."

Selpher aliwaza na kuomba, na akaamua kuacha darasa. "Nilisema, yule ni kijana, ana watoto wa kulisha. Mimi nitachorewa tu herufi kama zamani." Hakumwambia mtu. Wiki hiyo Alhamisi hakwenda.

Jumanne ya wiki hiyohiyo Wangila pia hakwenda. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba ameacha, ili mama apate nafasi.

Mildred alipojua yote mawili alikuja Amalemba akiwa ameuacha ugali wake jikoni. Anaikumbuka siku hiyo kwa kicheko ambacho hakuwa nacho wakati huo.

"Nilimwambia, 'Mama, wewe umemwachia yeye, yeye amekuachia wewe. Sasa nani anasoma? Ni benchi?'"

Alfajiri iliyofuata Selpher alipiga magoti mahali pake pa kila siku. Alimwambia Mungu kwamba desturi ni nzuri na kusoma ni kuzuri, na kwamba yeye hajui akate kipi. Alipofumbua macho, kilichokuwa mbele yake, chini ya kitanda, ni mkoba wa kitenge.

"Sikusikia sauti," anasema. "Niliona mkoba."

Jumanne alifika darasani mapema na kutundika shuka juu ya ubao. Mwalimu Shiro alimtazama akipima pembe za shuka lake. "Mama Selpher, leo kuna mkutano?"

"Hakuna, mwalimu. Leo hakuna mtu atasimama. Mwenye simu aketi alipo, aandike kwa kidole kwenye simu, neno litaenda lenyewe. Chaki tuiache ipumzike."

Simu za kioo zilikuwa tano kati ya watu kumi na wanne. Wasio nazo waliazima kwa jirani. Wangila, aliyekuwa ameitwa na mkewe kwa maneno ambayo hakuna anayekubali kuyarudia, alikuja na kuketi dirishani na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Shiro alishika rimoti na kuonyeshwa cha kubonyeza.

Zamu ya Wangila ilipofika, alifikiri sana. Kisha ukutani, polepole, herufi moja baada ya nyingine, likaandikika: KALIBU MAMA.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu huyo kumwambia mama mkwe wake jambo mbele ya watu, na alikuwa hajamwambia. Lilikuwa ukutani tu.

Shiro alikuwa akifungua kinywa asahihishe, Mzee Willis akamzuia kwa mkono. Nyuma ya nguzo, Selpher alikuwa ameinamia simu yake. Neno la Wangila likaondoka, likaja la Selpher, herufi zake kubwa na zenye mtetemo: KARIBU. Na ile R alikuwa ameipigia mstari chini mara mbili.

"Wewe mkwe," Mzee Willis akamwambia Wangila, "umekaribishwa na pia umechapwa."

Wakacheka mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia. Wangila alicheka akiwa ameuficha uso ndani ya kofia. Selpher anakiri kwamba naye nyumbani husema kalibu. "Ulimi wetu haujalingi. Ni mkono ndio umefunzwa."

Kuanzia hapo waliketi darasani siku zote mbili. Mwalimu Shiro anasema mtindo huo uliwasaidia wengine pia, kwa kuwa watu wazima wengi huogopa kukosea wakiwa wamesimama. "Mtu akikosea akiwa ameketi, ni neno limekosea," anaeleza. "Akikosea akiwa amesimama ubaoni, anaona ni yeye."

Alhamisi kabla ya siku ya wazazi, Shiro alimpa Selpher jaribio la mwisho. Aliwaomba wenye simu wote warushe kwa pamoja, na majina matano yakapangana ukutani. Angemwonyesha kila moja, naye angelisoma kwa sauti.

"Hili?"

"Willis."

"Hili?"

"Kemunto."

"La tatu?"

Selpher akanyamaza. Aliangalia ukuta, akaangalia daftari lake. Shiro akasubiri. "Chukua muda wako, Mama. Inaanza na herufi gani?"

Selpher akalifunga daftari.

"Tulisoma hii. Wa... halafu?"

Selpher akakaza midomo. Shiro alishusha rimoti kwa masikitiko. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki, na aliyekuwa mbele yake alionekana amesahau yote. Alisema taratibu kwamba labda ingefaa shule itafute mtu mwingine kwa sasa.

Kwenye kona ya dirisha, Wangila alikuwa anatazama sakafu.

"Mwalimu," Mzee Willis akasema, "hiyo ameisoma."

"Hajasema kitu, Mzee."

"Ndiyo. Kama hangekuwa anajua kusoma, angelisema."

Ilimchukua Shiro muda kidogo. Alitazama jina ukutani, akatazama kona ya dirisha, akatazama nguzo. Kisha, bila neno, akaweka alama ya vema kwenye karatasi na kuonyesha jina la nne.

"Hili?"

"Sifuna," Selpher akasoma, sauti ikiwa imerudi.

Jumamosi hii, mbele ya ukumbi wa wazazi, kidole cha Selpher bado kiko hewani. Majina matatu yanang'aa kwenye shuka. La juu ni Quinter. Katikati ni Wekesa. La chini ni Weldon. Midomo yake inacheza bila sauti, jina kwa jina, hadi herufi ya mwisho ya kila moja.

Anabonyeza la chini.

Ramani ya bweni jipya inatokea, safi, haijapinda. Naibu wa mwalimu mkuu anaanza kueleza. Karibu na mlango, mwalimu mkuu anarudia mazungumzo yake.

"Leo umeniacha, Mama," Wekesa anaita kutoka nyuma.

"Leo fahali wako apumzike," anamjibu, na ukumbi unacheka, Wekesa akiwa wa kwanza.

Mkutano ukiisha, Selpher anaanua shuka na kulikunja kwa utaratibu wa kitambaa cha madhabahu. Kazi zimeanza kurudi, na kufikia Desemba, msimu wa harusi, anatarajia kununua projekta ya pili. Itashughulikia upande wa Butere. Mwendeshaji tayari yuko: baba wa mjukuu wake, ambaye akikosa kazi ya mjengo hukaa nyumbani. Watafanya kazi pamoja bila kukanyagiana heshima, yeye ukumbi huu na kijana ukumbi ule, maagizo yakienda kwa ujumbe wa simu. Tayari humwandikia. Hujibiwa, na husahihisha.

Mashine hiyo nayo itahitaji jina, ili watu waipate kwenye simu zao. Mildred amejitolea kuliandika kama alivyoandika la kwanza. Mama yake amekataa.

"Hilo nitaliandika mwenyewe," anasema, akiutia mkoba begani. "Mdomo wangu umekatazwa. Vidole havijakatazwa."

Akiulizwa litakuwa jina gani, Selpher Awinja anatabasamu, anakaza midomo, na hasemi.